Koti la Bi Mkubwa

Jumamosi asubuhi, mtu mwenye akili timamu hapandi baiskeli katikati ya soko la Padova, Italia. Anashuka, anaisukuma, anaomba radhi kila hatua. Nives Zorzan alikuwa na akili nyingi tu, na vyeti vya chuo kikuu vya kuthibitisha, lakini siku hiyo alikuwa amechelewa. Akapita kati ya meza za mboga na za jibini akiwa juu ya kiti, kengele ikilia mfululizo, koti lake la rangi ya haradali likipepea nyuma. Alipofika mbele ya wauza maua, pindo la koti likamezwa na mnyororo na baiskeli ikagoma papo hapo.

"Usivute!" sauti ya mwanamume ikapiga kelele.

"Nisivute vipi, na nimebanwa?"

"Ndiyo maana nakwambia usivute. Ukivuta unapasua. Simama hivyo hivyo, dada, jifanye sanamu."

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, amevaa kizibao cha sufu ya kijivu, tepu ya kupimia shingoni, pini zimepangwa kwenye ukosi kama nishani za jeshi. Kwapani alikuwa na jora la bitana. Akamkabidhi muuza maua jora hilo bila hata kumwomba, akachuchumaa, akaanza kuzungusha pedali kinyumenyume kwa mkono, taratibu, huku akilitoa koti kidogo kidogo na grisi yake yote.

"Unaishi na nani wewe?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Yanakuhusu nini?"

"Kwa sababu anayekuona ukitoka nyumbani na kifungo kilichoshonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, akanyamaza, huyo hakupendi."

"Naishi peke yangu. Na huo si mshipi, ni nailoni ya kazini."

"Kazi gani hiyo?"

Nives aliitazama saa ya mnara, akaona amekwisha kuchelewa kiasi ambacho hakuna tena haja ya haraka. "Natafuta kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona."

"Mume?"

Muuza maua aliangua kicheko. Nives alijaribu kukasirika, akashindwa.

Loris Bettiol, fundi nguo, hakukubali koti lile liondoke vile. Duka lake lilikuwa katika kichochoro cha nyuma; atalisafisha, atatia kiraka kisichoonekana, atang'oa nailoni. Nives akauliza atakwendaje katika baridi ya Februari na sweta tupu. Loris akavua koti lake mwenyewe, zito, jeusi, lenye harufu ya pasi na sabuni, akamvisha pale pale mbele ya watu.

"Nenda nalo," akasema. "Hivyo najua utarudi."

Alirudi. Alirudi Jumanne kuchukua koti, na Alhamisi kusema kwamba kifungo kimekaa vizuri, jambo ambalo angeweza kabisa kulisema kwa simu. Jumamosi iliyofuata walisimama pamoja kwenye kibanda cha pweza wadogo wa kuchemsha, kila mmoja na kisahani chake, mafuta na limau vikiwachuruzika vidoleni, na watu wakiwasukuma huku na huku.

"Sasa niambie hiyo kazi," Loris akasema. "Niambie kama unavyomwambia mama yako."

"Mama yangu nimemwambia mara nyingi. Mpaka leo anawaambia majirani natengeneza friji."

"Basi niambie vizuri kuliko hapo."

Nives alimeza tonge. "Ulimwengu umejaa kitu kisichoonekana. Tunajua kipo kwa sababu nyota zinazunguka kama zinavutwa na uzito ambao hatuuoni. Tunakiita maada giza. Huenda ni chembe ndogo mno, zinatupita sasa hivi, mimi, wewe na huyu pweza wako. Sisi tumetengeneza chombo cha metali inayoitwa niobi, kitupu ndani, umbo lake kama boga. Tunakipoza mpaka kinakuwa baridi kuliko anga za juu kabisa. Kikifika hapo, umeme unatembea kwenye ngozi yake bila kupotea. Wimbi likiingia ndani linadunda, linadunda, haliishi. Fikiria kengele unayoigonga leo, keshokutwa bado inalia."

"Majirani watahama."

"Sikiliza! Chembe moja ikijigeuza wimbi dogo la redio humo ndani, tutalisikia."

"Na msiposikia?"

"Tunabadilisha sauti kidogo, tunasikiliza tena."

"Kwa muda gani?"

"Hakuna ajuaye."

Loris alitafuna kwa heshima. "Na huko kwenu mnakiitaje hicho chombo?"

"Bi Mkubwa."

"Aaa! Kumbe nimekuja nikawa wa pili!" Akageuka kwa muuza pweza. "Kaka, mwongezee huyu. Ana watu wawili wa kuwapenda, atahitaji nguvu."

Ndivyo mapenzi yao yalivyokwenda, kwa utani na kwa simu za mchana. "Bi Mkubwa ameamkaje?" Loris angeuliza, sindano ikiwa mdomoni. "Amenuna," Nives angejibu. "Mwambie mume mdogo anamsalimu." Na Nives, ambaye kwa miaka alikula mkate wake amesimama mbele ya kompyuta, alianza kukaa chini saa ya chakula ili aongee vizuri.

Lakini alimweleza pia jambo lisilo la utani. Mashine ya baridi haikuwa yao peke yao. Vikundi vilipokezana, na zamu ya kikundi cha Nives ilikuwa inaisha kiangazi. Mkataba wake ulifungwa kwenye zamu hiyo. Bi Mkubwa akisikiliza vizuri, mkataba unaongezwa. Akishindwa, mashine inakwenda kwa wengine na Nives anakwenda kutafuta kazi mbali, pengine ng'ambo.

"Basi atasikiliza," Loris akasema, na safari hii hakucheka.

Koti la Bi Mkubwa lilizaliwa kwa shida ya vumbi. Jengo la jirani mafundi walikuwa wanatoboa ukuta, na bomba la hewa kwenye dari lilikuwa linadondosha maji. Pipa refu la chuma cha pua ambamo Bi Mkubwa alikuwa amefungiwa lilihitaji kifuniko, na kampuni iliyoulizwa ilijibu kwamba kitachukua wiki nyingi.

"Wiki nyingi za nini?" Loris akang'aka kwenye simu. "Kushona mfuko? Nitamshonea mimi."

"Sharti moja, mpenzi. Hakuna zipu, hakuna vifungo, hakuna kitu cha kukwaruza."

"Unanifundisha kazi?"

Akaja maabara na tepu yake. Mlangoni wakamwambia aache simu na mkasi, akaacha. Akalizunguka pipa akipima, akinung'unika kwamba mteja huyu hana kiuno wala mabega. Ermes, fundi wa mashine za baridi, mtu mzima asiyecheka ovyo, alilazimika kutoka nje ili acheke. Baada ya siku chache koti likaletwa: kitambaa cha buluu kilichotiwa pamba, mishono imenyooka, linapita juu ya pipa na kujifunga chini, tumboni, mahali ambapo mtu haoni mpaka alale sakafuni. Loris akalala sakafuni. Nives wakati huo alikuwa ameitwa ofisini na Profesa Zennaro, mkuu wa kikundi, Ermes ameshika ngazi upande wa juu. Aliporudi, Bi Mkubwa alikuwa amevaa na Loris anajipangusa magoti.

"Limemkaa!" Nives akasema, akapapasa bega la kitambaa. "Loris, limemkaa kama ngozi." Akambusu mbele ya Ermes, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu yeyote ndani ya jengo lile. Hakuinama kutazama chini.

Wakaanza kupoza. Siku zile za kungoja, Nives alitembea na furaha mpaka watu wakamuuliza ana nini. Halafu wakapima, na furaha ikaisha. Ile kengele haikulia. Walitarajia bilioni thelathini, ndiyo kipimo chao cha jinsi wimbi linavyodumu ndani. Wakapata chini ya tatu. Wakapima tena. Wakabadilisha nyaya. Ermes akakagua pampu moja moja. Bi Mkubwa alikuwa kiziwi.

"Kuna uchafu ndani," Profesa Zennaro akasema mwishowe. Alikuwa mama wa makamo, nywele nyeupe fupi, miwani inaning'inia kifuani, na sauti yake haikupanda hata alipokuwa na habari mbaya. "Sumaku ya dunia tuliipima tulipofunga pipa, ngao ya metali inayolizunguka inaizuia vizuri. Kilichobaki ni ngozi ya ndani. Jumatatu tunafungua."

Kila mtu alijua kufungua maana yake nini. Kupasha joto lote, kubomoa, kuosha upya, kufunga upya: zamu yao ingekuwa imekwisha kabla ya hapo.

Nives alikuwa na neno moyoni na hakuweza kukaa nalo. Siku chombo kilipooshwa mara ya mwisho, maji safi kabisa yanayorushwa kwa nguvu ndani ya niobi, yeye ndiye aliyekuwa zamu. Ilikuwa Jumapili. Mama yake Loris, Mama Elide, alikuwa amemwalika chakula kwa mara ya kwanza. Duru ya mwisho ya maji ilikuwa bado. Nives akatazama saa, akajiambia duru zilizopita zinatosha, akafunga bomba, akaenda kula. Alimwambia Profesa yote, amesimama wima kama mwanafunzi. Profesa alivaa miwani, akavua.

"Asante kwa kusema," akajibu. "Pengine ni hilo, pengine si hilo. Nenda ukapumzike."

Hakupumzika. Alitoka mpaka kwenye maegesho ya baiskeli, akapiga simu.

"Naam, roho yangu," Loris akaitika, cherehani ikinguruma nyuma yake. "Umekula?"

"Sikiliza. Sitakuja kesho. Wala Jumapili."

"Kazi?"

"Kazi nimeiharibu. Siku ile ya chakula kwa mama yako nilikata maji kabla ya wakati ili nisichelewe. Mimi! Sijawahi kukata maji maishani mwangu. Tangu nikujue nimekuwa mzembe, Loris. Siwezi kuendelea hivi."

Cherehani ilinyamaza. "Hebu rudia hilo la mwisho."

"Nimesema tangu nikujue—"

"Nilisikia. Nilitaka kuona kama utathubutu mara ya pili."

Nives akafuta pua kwa mkono wa koti. "Njoo uchukue lile koti la buluu. Jumatatu tunafungua, halina kazi tena."

"Livue mwenyewe," Loris akasema kwa sauti ya chini. "Mimi mtu nikishamvisha, simvui." Akakata simu.

Basi Nives akarudi ndani, amevimba macho, kumvua Bi Mkubwa koti. Alasiri ya Ijumaa maabara ilikuwa kimya, mafundi wa jirani wamekwisha kwenda zao. Akaweka spana mfukoni kwa ajili ya kufungua fremu ya pipa, akalala chali chini ya pipa, akaingiza mkono ndani ya mkunjo wa kitambaa. Ndipo spana ilipochomoka mfukoni yenyewe na kuganda kwenye pindo. Tak!

Alibaki ameikodolea macho. Akaivuta, ikang'ang'ania. Akapapasa pindo kwa vidole na kuhisi vidude vya duara, vimefungwa moja moja ndani ya kitambaa laini, vimepangwa kwa mapenzi yote ya mtu anayejua kazi yake. Vishikizo vya sumaku, vile vya mikoba ya kina mama. Hakuna zipu, hakuna vifungo, hakuna kitu cha kukwaruza.

Hakuna aliyemwambia Loris habari za sumaku. Katika chumba kile kila mtu alizijua tangu siku ya kwanza, walizijua kiasi kwamba haikumpitia mtu yeyote akilini kwamba yuko binadamu asiyezijua. Niobi ikipozwa karibu na sumaku, inaimeza ile nguvu ya sumaku na kuifungia mwilini, na hapo umeme unaanza kupotea. Ngao ilizuia kila upande isipokuwa chini, ilikokuwa wazi. Na chini ndiko fundi wake alikofunga koti.

Nives alianza kucheka akiwa amelala pale pale sakafuni, halafu akalia, halafu vyote pamoja. Kwa sababu kama tatizo ni sumaku, ndani hakuna haja ya kufunguliwa! Unaondoa sumaku, unampasha Bi Mkubwa joto kidogo tu, kiasi cha kuachia alichokimeza, unampoza tena. Ni kazi ya siku mbili.

"Profesa!" akapiga kelele kwenye simu. "Ni koti! Ni koti!"

Ermes aliyekuja mbio ndiye aliyevuruga furaha. Alizipanga sumaku mezani, akalitazama pindo kwa tochi. "Saba," akasema. "Lakini vijumba ni vinane. Hiki kimepasuka, kitupu. Ya nane iko wapi?"

Wakatafuta sakafuni, kwenye fremu, ndani ya pamba. Hakuna. Na bila ya nane hakuna kupoza. Moja ingetosha kuwaharibia tena. Nives alimpigia Loris. Hakupokea. Akapiga tena. Hakupokea. Akapanda baiskeli.

Duka lilikuwa bado wazi. Loris alikuwa anapiga pasi suruali ya mtu, mvuke umemzunguka, uso wake umechoka. Hakumkaribisha.

"Ulishona sumaku ngapi?" Nives akauliza kutoka mlangoni, pumzi juu juu.

"Hata salamu hakuna?"

"Loris, tafadhali. Ngapi?"

"Nane. Kwani?"

"Ya nane iko wapi?"

"Iliniruka nilipokuwa chini. Kitambaa kilipasuka, ikachomoka, ikaganda juu kwenye ule ukingo wa ile metali inayozunguka pipa. Upande wa dirisha. Nilijaribu kuibandua, vidole havikufika, nikaona basi, imekaa tu haimdhuru mtu..." Aliusoma uso wake, akaiweka pasi chini. "Imemdhuru mtu?"

Nives akampigia Ermes, akamwambia upande wa dirisha, juu ya ukingo. Punde sauti ya Ermes ikasikika mpaka nje ya simu: "Ninayo! Mungu ambariki huyo bwana, na asirudi tena hapa!"

Ndipo Nives akamweleza. Alieleza haraka, anacheka, anamshika mkono, anamwambia asante, bila yeye wangepoza tena na sumaku ikiwa pale pale na wasingejua. Lakini kadiri alivyoeleza ndivyo Loris alivyozidi kuwa mweupe.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemharibu."

"Kinatibika! Hilo ndilo nakwambia. Kosa lako linatibika."

"Nimesikia." Akauondoa mkono wake polepole. "Nina swali moja, Nives. Ingekuwa si koti. Ingekuwa kweli ni yale maji, kweli ni ile siku ya kwa mama. Ungerudi hapa leo?"

Nives alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kweli, na huo ndio uliokuwa ubaya wake na uzuri wake. "Sijui," akasema.

"Haya." Loris akachukua pasi. "Ukijua, utaniambia. Namtakia Bi Mkubwa afya njema."

Jumamosi walimpasha joto, wakaanza kumpoza. Jumapili asubuhi kikundi kizima kilikuwa maabara na vikombe vya kahawa, hata wasio zamu. Ermes alisimama mbele ya vipimo vyake vya baridi. "Bado kidogo," alisema. "Kabla ya chakula cha mchana tutapima."

Nives alikuwa amekaa mbele ya skrini na hakuona kitu. Alikuwa anawaza Jumapili ile nyingine. Alikumbuka meza ya Mama Elide, wali wa njegere, mvinyo mwekundu, Loris akiigiza wateja wake wanene wanavyovuta tumbo ndani anapowapima, na yeye Nives akicheka mpaka mama mwenye nyumba akampiga mgongoni asije akapaliwa. Wiki nzima alikuwa ameifanya siku ile kuwa kosa. Lakini haikuwa kosa. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizokuwa nazo kwa miaka, alipewa bure, na hakushukuru. Akasimama, akavaa koti lake la haradali.

"Unakwenda wapi?" Profesa Zennaro akashangaa. "Sasa hivi?"

"Kuna mtu aliniuliza swali, Profesa. Nikimjibu baada ya kipimo, jibu halitakuwa na maana."

Profesa alimtazama kupitia juu ya miwani. "Kimbia basi," akasema. "Na usizime simu."

Mama Elide aliishi Arcella, ng'ambo ya reli, ghorofa ya tatu katika jengo la rangi ya machungwa iliyopauka. Nives akabonyeza kengele ya mlango wa chini. Spika ikakwaruza.

"Nani?"

"Ni Nives, mama."

"Nives yupi?"

"Nives wa Loris."

"Mwenyewe ana habari?" sauti ikauliza, na mlango ukafunguka.

Loris alishuka kwa ndala, shati jeupe limepigwa pasi, leso ya mezani bado shingoni. Alisimama ngazi tatu juu yake na hakushuka zaidi.

"Mmepima?"

"Bado. Wanapima sasa hivi. Nimewaacha."

"Umemwacha Bi Mkubwa?"

"Uliniuliza kama ningerudi. Ijumaa sikujua. Leo nimekuja kabla sijajua matokeo, Loris. Huenda sumaku ndiyo tatizo. Huenda na maji pia yana neno, huenda yote mawili, na saa moja kutoka sasa sina kazi. Nimekuja tu. Yale maji niliyakata mimi kwa mkono wangu, kwa sababu nilitaka kuja huku. Nilitaka sana. Halafu nikaogopa, nikakutupia wewe lawama. Nisamehe."

"Na wakisema ni mbovu?"

"Nitalia sana. Utanibembeleza. Kukulaumu sitakulaumu tena kamwe. Na nilikuwa sijakushukuru. Asante kwa siku ile. Asante kwa lile koti, hata na sumaku zake. Hakuna mtu aliyewahi kunishonea chochote."

"Sikukushonea wewe, nilimshonea mke mwenzangu." Akashuka ngazi moja.

"Na jambo jingine," Nives akasema kwa haraka. "Nataka tuoane. Kama bado unanitaka. Na nataka unijibu kabla simu haijalia."

"Mwanamke huyu!" Loris akainua mikono. "Mtu hajamaliza hata kula! Anakuja na grisi ya baiskeli kwenye suruali, ananichumbia na leso shingoni—"

"Jibu!"

"Ndiyo, nimesema! Ndiyo! Tangu ile siku ya mnyororo, ndiyo!" Akashuka ngazi zilizobaki, na simu ikalia.

Wote wawili waliitazama. Nives akampa Loris. Loris akaiweka sikioni kama mtu anayepokea chungu cha moto.

"Haloo? Ndiyo, Profesa, ni mimi. Ndiyo, fundi. Ndiyo... wa sumaku, shikamoo." Akasikiliza, paji la uso limekunjamana. Akamgeukia Nives. "Anasema thelathini na moja. Bilioni. Hiyo ni nyingi au kidogo?"

Nives akakaa chini kwenye ngazi, akaficha uso kwenye mikono miwili, akalia kwa sauti.

"Profesa, analia!" Loris akapaza sauti kwa hofu. "Ni vibaya?"

"Ni vizuri mno, we mwanamume!" simu ikapiga kelele, na nyuma yake watu wazima wakisikika wakishangilia kama wako uwanja wa mpira. "Mkumbatie!"

Akamkumbatia. Alikaa naye kwenye ile ngazi ya saruji baridi, akamfuta machozi kwa leso ya mama yake iliyokuwa na doa la njegere, na Nives akawa anarudia neno moja tu, asante, asante, na hakuwa na hakika anamwambia nani: Loris, Ermes, Profesa, au kile chombo cha niobi ng'ambo ya mji kilichoanza kusikiliza. Bi Mkubwa mpaka leo anasikiliza. Hajasikia chembe hata moja, na kila baada ya muda wanambadilishia sauti kidogo, wanaanza tena.

Juu, mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wazi muda wote. Mama Elide alikuwa ameegemea reli ya ngazi na mwiko mkononi, na hakuna neno lililompita.

"Mkwe wangu!" akaita kuelekea chini. "Panda, mwanangu. Nimekwisha kukuwekea sahani."

Nives alijifuta uso, akaitika "Abee, mama," akapanda.